Miezi 19 ya Kijana wa Miaka 15: Uchambuzi wa Kesi ya K.J.M.

Tarehe 12 Aprili 2015, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, sherehe iliyokuwa ikifanyika katika nyumba ya mtu iligeuka kuwa vurugu, ugomvi ukazuka, na mmoja wa waliokuwapo akajeruhiwa kwa silaha. Aliyeshtakiwa kwa tukio hilo alikuwa na umri wa miaka 15. Sheria ya nchi hiyo inakataza kutangazwa kwa jina la kijana anayeshtakiwa kwa jinai, na kwa sababu hiyo kumbukumbu za mahakama zinamtambua kwa herufi tatu tu, K.J.M. Alisomewa mashtaka mawili: shambulio lililosababisha majeraha makubwa, na kuwa na silaha kwa nia ya kudhuru. Alitiwa hatiani tarehe 9 Novemba 2016, yaani karibu miezi 19 baada ya usiku ule wa sherehe.

Nimeichagua kesi hii kwa kuwa ni ya kawaida kabisa. Katika kesi kubwa zenye mashahidi wa nchi mbalimbali, nyaraka za kibenki na mabishano ya kitaalamu, ucheleweshaji hupata pa kujificha, kwani kila mwezi unaopotea huelezwa kwa uzito wa shauri lenyewe. Hapa kulikuwa na ugomvi wa usiku mmoja, mahali pamoja, na watu waliouona. Mwezi ulipopotea, ulipotea kwa sababu zile zile ambazo wakili yeyote anazifahamu: tarehe za mahakama zilizojaa, siku za kusikiliza zilizokadiriwa chini ya mahitaji, ahirisho linalozaa ahirisho. Mahakama ya Juu ya Kanada ilipotoa uamuzi wa rufaa ya mwisho tarehe 15 Novemba 2019, majaji watano walikuwa upande mmoja na wanne upande wa pili. Swali kuu lililokuwa mbele yao ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, muda wa kungoja wa kijana upimwe kwa kipimo kile kile cha mtu mzima?

Ili swali hilo lieleweke ni lazima kwanza kutazama ahadi ambayo sheria ilimpa kijana huyo. Sheria ya Haki ya Jinai kwa Vijana ya Kanada, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2003, inataja katika kifungu chake cha 3 kwamba hatua dhidi ya kijana zichukuliwe kwa wakati, ili uhusiano kati ya kosa na matokeo yake uonekane, na kwamba wanaoitekeleza wawe wepesi kwa kuzingatia jinsi vijana wanavyouhisi muda. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Bunge halikusema tu kwamba kesi zisichelewe. Lilikiri kwamba mwezi wa kijana na mwezi wa mtu mzima si kitu kimoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una ahadi ya namna hiyo katika ibara ya 40, na kabla yake Kanuni za Beijing za mwaka 1985 zilitaka kila shauri la mtoto liendeshwe haraka tangu mwanzo, bila ucheleweshaji usio wa lazima.

Juu ya sheria hiyo ya vijana kuna Katiba, ambayo katika kifungu cha 11(b) cha Mkataba wa Haki na Uhuru inampa kila mshtakiwa, mkubwa kwa mdogo, haki ya kuhukumiwa katika muda unaofaa. Kwa miaka mingi mahakama zilipima muda unaofaa kwa mizani iliyoshika mambo mengi kwa pamoja: urefu wa ucheleweshaji, sababu zake, madhara yaliyothibitishwa. Katika mfumo huo wa zamani Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilieleza mwaka 1991 kwamba kesi za vijana, baada ya kuondoa muda wa kawaida wa kumpata wakili na kupokea ushahidi wa upande wa mashtaka, kwa ujumla zifike kwenye usikilizwaji ndani ya miezi mitano hadi sita. Ulikuwa mwongozo, haukuwa ukomo, lakini angalau ulikuwa mwongozo uliokatwa kwa kipimo cha kijana.

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ya Juu iliibomoa mizani hiyo katika kesi ya Jordan, iliyomhusu mtu mzima aliyengoja zaidi ya miaka minne. Ilitangaza ukomo wa namba: miezi 18 kwa kesi za mahakama za kawaida za jimbo zinazosikilizwa bila uchunguzi wa awali, na miezi 30 kwa kesi za mahakama za jimbo za ngazi ya juu. Muda ukivuka ukomo, baada ya kuondoa miezi iliyosababishwa na utetezi, ucheleweshaji unahesabiwa kuwa si wa haki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe mazingira ya kipekee. Muda ukiwa chini ya ukomo, mzigo unahamia kwa mshtakiwa: ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba alifanya juhudi za maana na za kudumu kuiharakisha kesi, na pia kwamba kesi ilichukua muda mrefu kwa kiasi kinachoonekana wazi kuliko ilivyopaswa. Siku Jordan ilipotolewa, kesi ya K.J.M. ilikuwa imekaribia miezi 15 na bado haijakwisha.

Jaji wa kwanza aliyesikiliza ombi la kusitisha mwenendo wa kesi, yaani kuimaliza moja kwa moja kwa sababu ya kuchelewa, alikiri kwamba muda wote ulivuka miezi 18, lakini hakuridhika kwamba hili lilikuwa miongoni mwa mashauri yaliyo wazi kabisa yanayostahili kusitishwa. Mahakama ya Rufaa ya Alberta iliikataa rufaa kwa wingi wa majaji, huku kila jaji akiandika maoni yake, jambo ambalo peke yake linaonyesha jinsi sheria ilivyokuwa imewaacha njia panda. Katika Mahakama ya Juu, Jaji Moldaver aliandika kwa niaba ya wengi. Alisema ukomo wa Jordan unawahusu vijana kama unavyowahusu watu wazima, na kwamba hakuna ushahidi kwamba mfumo wa Jordan umeshindwa kuwahudumia vijana kiasi cha kudai ukomo mwingine. Alihesabu pia kwamba miezi miwili hadi mitatu ilitokana na utetezi wenyewe, hivyo muda uliobaki ukawa chini ya 18. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kesi iliendeshwa kabla ya Jordan, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba saa ya namna hiyo ingeanza kuhesabu, ucheleweshaji haukuonekana kupita kiasi. Hukumu ikabaki.

Jaji Abella na Jaji Brown, wakiungwa mkono na Jaji Martin, walipinga. Wao waliona kwamba Bunge limeunda mfumo wa pekee wa haki kwa vijana, wenye misingi yake na taratibu zake, na kwamba ukomo uliobuniwa kwa kuwatazama watu wazima hauwezi kubebwa ukawekwa humo bila kupunguzwa. Walipendekeza miezi 15. Jaji Karakatsanis alikubaliana na wengi kuhusu ukomo lakini akakataa matokeo. Kwa maoni yake, hata kwa kipimo hicho hicho, kijana huyu alikuwa amengojeshwa kupita haki yake. Kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hupita bila kuliona. Hukumu ya Jordan iliandikwa kwa pamoja na majaji watatu, ambao ni Moldaver, Karakatsanis na Brown. Miaka mitatu baadaye, mbele ya kijana mmoja, waandishi hao watatu wa kanuni moja walitawanyika katika njia tatu.

Sioni kwamba wengi walikosa kuelewa madhara. Jaji Moldaver aliyaeleza vizuri, akikusanya yale ambayo mahakama za chini zilikuwa zimeyasema kwa miaka mingi, na sehemu hiyo ya hukumu ndiyo ninayoiona kuwa na thamani ya kudumu, hata kwa wale wanaopinga hitimisho lake.

La kwanza ni kukatika kwa kamba kati ya kosa na matokeo. Kijana hujifunza kwa ukaribu wa mambo. Akikosea leo na kujibu wiki ijayo, anaona mstari unaounganisha vitu viwili. Akikosea akiwa darasa moja na kujibu akiwa amekwisha kuvuka madarasa mawili, adhabu humfikia kama jambo lililoanguka kutoka mbinguni, lisilo na mama wala baba. Hapo ndipo wengi hushindwa kuielewa hoja ya haraka: wanaidhani kuwa upendeleo kwa mkosaji, ilhali ni hitaji la adhabu yenyewe. Adhabu inayochelewa kwa mtu mzima inabaki kuwa adhabu, kwa kuwa mtu mzima anaweza kuushika muda mrefu akilini na kujua analipia nini. Kwa kijana, ile ile inageuka kuwa mateso yasiyofundisha.

La pili ni uzito wa kungoja. Miezi 19 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yote ya mtu mwenye miaka 15. Sehemu kama hiyo ya maisha ya mtu mwenye miaka 45 ni karibu miaka mitano. Hesabu hii haipimi maumivu ya moyo, lakini inasaidia kuona kwa nini Bunge lilizungumzia jinsi vijana wanavyouhisi muda. Katika kipindi hicho mshtakiwa kijana kwa kawaida huishi chini ya masharti ya dhamana, ambayo yanaweza kumtaka awe nyumbani saa fulani, asikutane na watu fulani, asifike mahali fulani. Masharti hayo yanaingia katika umri ambao marafiki na shule ndiyo karibu maisha yote. Akivunja sharti moja kwa utoto wake, anafunguliwa shtaka jipya, na kesi iliyoanza na kosa moja inazaa makosa ambayo yasingekuwapo kama hukumu ingetolewa mapema.

La tatu ni kumbukumbu. Katika kesi ya ugomvi, hatima ya mshtakiwa mara nyingi hutegemea sekunde chache: nani alisogea kwanza, nani alikuwa na nini mkononi, nani alirudi nyuma. Mashahidi wa sherehe ya vijana ni vijana, na kumbukumbu yao ya usiku wenye kelele na watu wengi hufifia upesi au huchanganyika na masimulizi ya wenzao. Mshtakiwa mwenyewe huathirika kwa njia hiyo hiyo, na anaweza kushindwa kumweleza wakili wake jambo ambalo lingemwokoa. Ucheleweshaji hapa haumdhuru mshtakiwa peke yake, kwani huiba pia ukweli ambao mwathirika anauhitaji.

La nne, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, ni kwamba anayehukumiwa si yule aliyetenda. Mtu aliyesimama kizimbani Novemba 2016 alikuwa na umri wa miaka 16 au 17, na uamuzi wa mwisho ulipotolewa Novemba 2019 alikuwa mtu mzima wa miaka 19 au 20. Kijana wa umri huo hubadilika kwa kasi ambayo mtu wa miaka 40 haijui tena. Anaweza kuwa ameacha kundi lililompeleka kwenye ile sherehe, amerudi shule, amepata kazi, au anaweza kuwa ameharibika zaidi. Kwa vyovyote, mfumo uliojengwa ili kumrekebisha mtoto wa miaka 15 unakuta mtoto huyo hayupo, na unamshughulikia mrithi wake. Mahakama ilitaja pia maslahi ya jamii, ambayo inategemea kijana arekebishwe mapema kabla njia haijawa mazoea. Hilo sina la kuliongeza.

Kuna ulinganisho mmoja ambao nadhani ungestahili kupewa nafasi kubwa zaidi. Chini ya sheria ya vijana ya Kanada, kifungo cha kijana kwa kosa moja kama hili, pamoja na kipindi cha uangalizi kinachofuata, kwa kawaida hakiwezi kuzidi miaka miwili, yaani miezi 24, isipokuwa pale anapopewa adhabu ya mtu mzima. Mtu mzima kwa shambulio kama hilo anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Kwa mtu mzima, ukomo wa miezi 18 ni kipande kidogo cha adhabu anayoikabili. Kwa kijana ni robo tatu ya adhabu ya juu kabisa. Sheria ilipofupisha adhabu ya kijana ilifanya hivyo kwa sababu inaamini kwamba muda una uzito mwingine kwake. Kuikubali imani hiyo wakati wa kumhukumu na kuiweka kando wakati wa kumngojesha ni kuvunja mantiki ya sheria yenyewe, na hapa ndipo ninaposimama na wale watatu waliopendekeza miezi 15.

Utetezi wa wengi ni kwamba hawakuiweka kando. Walisema umri wa mshtakiwa uzingatiwe katika hatua ya chini ya ukomo, wakati wa kuuliza kama kesi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Hivyo kesi ya kijana iliyochukua miezi 14 inaweza kusitishwa, ingawa kesi ya mtu mzima ya miezi hiyo hiyo isingesitishwa. Ni jibu la haki kwa sehemu. Tatizo lake ni mzigo. Chini ya ukomo, ni mshtakiwa anayepaswa kuthibitisha, na jambo la kwanza analopaswa kuthibitisha ni juhudi zake mwenyewe za kuharakisha. Mwaka 2008, katika kesi nyingine, Mahakama hiyo hiyo ilitambua kama msingi wa haki kwamba vijana wanastahili kudhaniwa kuwa na hatia pungufu ya kimaadili, kwa sababu ya udhaifu wao, kutopevuka kwao na uwezo wao mdogo wa kupima mambo. Mtu huyo huyo anaambiwa kwamba, akitaka ulinzi wa kasi, aonyeshe kwamba aliisukuma mahakama. Kwa vitendo ni wakili wake anayesukuma, na kijana hana njia ya kumpima wakili aliyekubali ahirisho kwa urahisi. Ukomo wa chini zaidi ungeuondoa mzigo huo katika kesi nyingi na kuuweka penye uwezo wa kuubeba, yaani kwa dola inayopanga kalenda za mahakama.

Haki inanitaka niseme pia yaliyo upande wa pili. Mtu aliumizwa usiku ule. Tiba pekee ambayo mahakama za Kanada hutoa kwa kuvunjwa kwa haki hii ni kusitisha mwenendo wa kesi moja kwa moja: hakuna hatia, hakuna adhabu, hakuna mpango wa kumrekebisha kijana. Hapo ipo shida ambayo hakuna jaji hata mmoja aliyeimaliza. Sababu kuu ya kutaka haraka ni kuunganisha kosa na matokeo yake, na tiba ya kukosa haraka inaukata kabisa muunganisho huo. Mwathirika anabaki bila jibu, na kijana anajifunza kwamba kosa linaweza kuyeyuka. Naamini hofu hii ndiyo iliyowashika wengi mkono, ingawa wao waliandika zaidi juu ya urahisi na uthabiti wa kanuni. Ingefaa tiba ya kati iwepo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani, kwa mfano, iliamua Januari 2008 kwamba pale kesi ya jinai inapocheleweshwa kinyume cha haki, sehemu ya adhabu inaweza kuhesabiwa kuwa imekwisha kutumikiwa. Kwa kijana aliyetiwa hatiani, njia kama hiyo ingetambua miezi iliyoibiwa bila kulifuta kosa.

Hoja kwamba ukomo wa chini ungevuruga mfumo hainishawishi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001, kabla ya kuondolewa na sheria mpya ya mwaka 2022, iliweka katika kanuni zake za watoto wakosaji kwamba kesi ya mtoto katika mahakama ya chini isipomalizika ndani ya miezi mitatu tangu mtoto kujibu mashtaka, ifutwe, na mtoto asishtakiwe tena kwa kosa hilo. Katika mahakama ya ngazi ya juu zaidi muda ulikuwa miezi 12, na mtoto hakupaswa kukaa mahabusu zaidi ya miezi sita. Mtu anaweza kuuliza jinsi kanuni hiyo ilivyotekelezwa, na ni swali halali. Hata hivyo, nchi yenye uwezo mdogo zaidi ilithubutu kuandika namba iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto, wakati Mahakama ya Juu ya nchi tajiri ilisema isubiriwe mpaka ithibitike kwamba kipimo cha wakubwa kimeshindwa. Kusubiri uthibitisho wa namna hiyo kuna gharama yake, kwa maana uthibitisho wenyewe ni vijana waliochelewa.

Miezi minne baada ya uamuzi wa K.J.M., Machi 2020, Mahakama ya Juu ya Kanada iliongeza jambo katika kesi ya K.G.K., iliyomhusu mtu mzima aliyengoja hukumu kwa miezi tisa baada ya ushahidi na hoja kufungwa. Iliamua kwamba muda ambao jaji anautumia kutafakari na kuandika hukumu hauhesabiwi ndani ya ukomo wa Jordan. Unapimwa peke yake, kwa kuuliza kama ulikuwa mrefu kwa kiasi kinachoonekana wazi kuliko ilivyopaswa katika mazingira yote. Kwa kijana maana yake ni kwamba saa ya ukomo inasimama siku mawakili wanapokaa chini, ilhali yeye anaendelea kurudi nyumbani chini ya masharti yale yale, akiwa hajui bado kama ana hatia.